Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: uliuliza tungefanyaje, majibu yangu haya hapa

Mheshimiwa Profesa, shikamoo.

Natumaini u mzima na familia haijambo. Nakuandikia kama mmoja wa wanao, maana siku ulipotupokea mwaka wa kwanza ulituita hivyo, wanangu, mbele ya wazazi waliokuja kutusindikiza na mabegi na magodoro, na mama yangu aliyekesha kwenye basi kutoka Singida alilibeba lile neno akarudi nalo nyumbani akawasimulia majirani kwamba kijana wake kapata mzazi kule chuoni. Siku hiyo hiyo ulisema, na sisi tulipiga makofi, kwamba hakuna mwanafunzi wa chuo hiki atakayekosa mtihani kwa sababu ya ada, na kwamba mlango wa ofisi yako uko wazi.

Najua utaratibu. Barua ya mwanafunzi inaanzia kwa mkuu wa idara, inapita kwa amidi, inapita kwa mshauri wa wanafunzi, ndio ifike kwako. Tumepita huko kote Profesa. Barua zimegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala tunazo, majibu hatuna. CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, alienda kwa mkuu wa idara akaambiwa hilo ni la uhasibu, uhasibu wakasema ni la watu wa TEHAMA, TEHAMA wakasema ni benki, benki wakasema hela ilishaingia chuoni siku nyingi rudini kwa wakubwa wenu. Basi tumerudi kwa mkubwa wetu, ila safari hii hadharani, ili na watu wengine waone kwamba tumeuliza.

Na kuna kingine kilichonifanya niandike. Kwenye kile kikao cha utawala na wanafunzi, mwenzetu alisimama akauliza kuhusu vyumba vya hosteli, na wewe ukamjibu kwa swali, nyie mngekaa kwenye kiti hiki mngefanya nini? Ukumbi ukacheka, ukaenda kwa muulizaji mwingine. Mimi sikucheka hata kidogo. Nililichukua lile swali nikaondoka nalo, na baada ya kilichotokea Jumatatu ya wiki iliyopita nimeona sasa nilijibu, kwa sababu naamini kabisa majibu yapo na wala hayahitaji hela nyingi.

Nianze na hiyo Jumatatu, kwa sababu sijui kama uliambiwa ilivyokuwa au uliambiwa tu kuna wanafunzi wachache walizuiwa kwa kutolipa ada.

Mtihani ulikuwa wa saa tatu asubuhi. Tumeshaingia, kila mtu kakaa kwenye namba yake, maswali yamegawiwa yamelala kifudifudi mezani, ndipo akaja mtu wa uhasibu na karatasi zimebanwa pini, akampa msimamizi, msimamizi akaanza kusoma majina. Anayesikia jina lake atoke nje. Hakusema kwa nini, wengine tulidhani tunapelekwa chumba kingine kwa sababu ya msongamano, tukachukua kalamu zetu na vitambulisho tukatoka kwa adabu. Mlangoni ndio tukaambiwa nyie malipo yenu hayasomi.

Profesa, mimi nililipa kabla hata ya testi ya kwanza. Mama alikuwa ameweka madumu ya mafuta ya alizeti akisubiri bei ipande, nilipompigia kumwambia ada inatakiwa akayauza yote kwa bei aliyoikuta siku hiyo, akaenda kwa wakala, akalipa laki sita na nusu kwa kontrol namba ile ile mliyonitengenezea nyie. Meseji ya kuthibitisha ninayo. Risiti ya wakala ninayo pia, ile karatasi yao laini ambayo wino unafifia ukiiacha mfukoni, kwa hiyo nilishaitoa kopi na ile kopi nikaipiga leminesheni kabisa kwa sababu nimeshawaona wenzangu walivyohangaika. Nikamuonyesha msimamizi pale mlangoni. Aliishika akaisoma mpaka mwisho. Ni mwalimu aliyetufundisha muhula mzima, jina langu analijua. Akanirudishia, akasema naona umelipa mdogo wangu, ila jina lako liko kwenye listi ya wadaiwa na mimi sina mamlaka.

Naomba hilo ulisome tena taratibu. Mwalimu wa chuo kikuu, msomi, anaona kwa macho yake kwamba mwanafunzi amelipa, na hana mamlaka ya kumwacha akae kwenye kiti. Karatasi iliyoprintiwa jana yake ina mamlaka kuliko yeye.

Pembeni yangu alikuwepo mwenzetu mwenye mkopo asilimia mia. Ada yake inalipwa na Bodi ya Mikopo moja kwa moja chuoni, ile hela haijawahi kupita mkononi mwake hata siku moja, na yeye pia katolewa. Alikuwa anauliza tu, mimi nimekosa nini, mimi nimekosa nini, na hakuna aliyekuwa na jibu. Mtu anaadhibiwaje kwa hela ambayo hajawahi kuishika?

Tulikimbia kwenye dirisha la uhasibu. Karatasi imebandikwa kwenye kioo, mtandao hakuna, rudi mchana. Tukakaa pale kwenye vimbweta tukisubiri, wengine wanalia, wengine wanapiga simu nyumbani, na kutoka tulipokaa tunaona kabisa madirisha ya chumba cha mtihani na wenzetu wameinamisha vichwa wanaandika. Saa sita wakatoka. Saa nane mtandao ukarudi, dada wa dirishani akabofya jina langu akasema mbona iko sawa, wewe hudaiwi. Basi, akaita anayefuata.

Sasa kilichotufanya tusilale ni kwamba jioni ya siku ile tulipofungua akaunti zetu tukakuta kwenye ile kozi tumeandikwa hatukutokea kwenye mtihani. Yaani kumbukumbu za chuo zinasema tulitoroka. Na wewe unajua kuliko mimi, kwa sheria za mitihani za chuo chetu mwanafunzi anayetoroka mtihani bila sababu anadisko, yaani anaondolewa chuo. Sio sapu, ile ya kurudia mtihani, anadisko. Mtu aliyelipa ada, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake na kalamu mkononi, akatolewa na chuo chenyewe, leo anasubiri kudisko kwa kosa la kutotokea. Na idarani wanatuambia tuandike barua, tusubiri mwakani kozi itakapofundishwa tena. Mwakani! Sisi ni mwaka wa tatu, mwakani tulitakiwa tuwe tumemaliza.

Sijui tatizo hasa liko wapi, mimi nasoma ualimu, sio kompyuta. Wapo wanaosema benki inatuma taarifa za malipo kwa mafungu na mafungu mengine yanachelewa kuingia. Wengine wanasema chuo kilibadilisha sistimu katikati ya muhula na majina mengine hayakuhamishwa, na mimi hili naliamini zaidi kwa sababu wengi tuliotolewa ni wale tuliolipa mwanzoni kabisa. Kama ni hivyo basi waliolipa mapema ndio wamekomolewa na waliolipa dakika za mwisho wamefanya mtihani. Lakini vyovyote itakavyokuwa, hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayomhusu mwanafunzi. Sio sisi tulionunua sistimu.

Basi nijibu swali lako. Ningekuwa kwenye kiti hicho ningefanyaje.

Kabla sijasema, niseme hili ili mtu asije akaniambia ni ndoto za mtoto. Kwenye kozi ya historia ya elimu, mnayotufundisha nyie wenyewe, tulisoma kwamba kule Bologna, Italia, moja ya vyuo vikuu vya kwanza kabisa Ulaya, wanafunzi ndio waliomchagua mkuu wao, na mwalimu akichelewa kuingia darasani anatozwa faini. Hayo ni ya karne nyingi nyuma, sawa. Lakini Edinburgh, chuo alichosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1949 akamaliza 1952, mpaka leo wanafunzi na wafanyakazi wanapiga kura kuchagua rekta, na rekta huyo ndiye anayekalia kiti cha mwenyekiti kwenye chombo kikuu cha utawala wa chuo. Mwaka 1972 wanafunzi walimchagua mwenzao, kijana wa miaka 21 anaitwa Gordon Brown, akakaa kwenye kile kiti mpaka 1975, na huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza 2007. Hakuwa mtendaji mkuu wa chuo, hilo nalijua, ila aliongoza vikao ambavyo watendaji wakuu walikaa wakatoa maelezo, na chuo hakikubomoka. Kwa hiyo tukiulizwa mngefanya nini, sio swali la kuchekwa.

Cha kwanza, na kama kingekuwa kimoja tu ningekifanya hiki, siku ya kwanza asubuhi ningeandika waraka wa nusu ukurasa: mwanafunzi aliyesajiliwa kwenye kozi hatolewi kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya hela. Akae, aandike. Kama kweli anadaiwa, matokeo yake yazuiliwe mpaka alipe. Chuo hakipotezi kitu hapo, karatasi za majibu ziko mikononi mwa chuo, cheti kiko mikononi mwa chuo, mwanafunzi hana pa kukimbilia. Lakini ukishamtoa nje ile saa tatu ya Jumatatu hairudi tena, hata baadaye ukigundua ulikosea. Deni la hela linalipika, mtihani uliopita haulipiki. Sijui kwa nini jambo dogo hivi halijawahi kuandikwa wakati lipo mdomoni mwa kila mwanafunzi kila mwisho wa muhula.

Kisha ningempa yule msimamizi wa mtihani mamlaka aliyosema hana. Ukiona risiti mwache mtoto akae, andika jina lake pembeni, uhasibu watahakiki mchana. Mwalimu anayeaminiwa kutunga mtihani na kuusahihisha anashindwaje kuaminiwa kusoma risiti?

Halafu ningeshughulika na hili la kuzungushwa. Hiki ndicho kinachotumaliza Profesa, kuliko hata ugumu wa masomo. Ukiwa na tatizo la alama hazionekani unatembea ofisi mpaka ofisi, kila mlango unakuelekeza mlango mwingine, na hakuna anayekataa kukusaidia, wote wanakuambia pole. Mimi ningeamua kwamba ofisi ya kwanza aliyofika mwanafunzi ndiyo inayobaki na tatizo lake. Unampokea, unaandika jina lako wewe mhudumu, unaandika tarehe ya kumjibu, unampa karatasi. Kama tatizo ni la ofisi nyingine wewe ndiye unayelipeleka huko, sio yeye. Nyie watumishi mna simu za mezani, mna barua pepe za chuo, mnajuana kwa majina. Sisi tunachukua namba kwenye foleni halafu saa saba na nusu dirisha linafungwa watu wakale.

Alama za kosiweki, yaani za testi na kazi za muhula, ningetaka zibandikwe kabla ya mtihani wa mwisho, sio baada. Hii ipo kwenye taratibu za vyuo vingi ila utekelezaji ni huruma ya mwalimu. Mtu anaingia mtihani hajui kama ana 15 au ana 30, testi yake ilipotea au haikupotea, anakuja kujua likizo akiwa kijijini mtandao hakuna, na muda wa kukata rufaa umeisha. Na karatasi za mtihani zisahihishwe kwa namba tu, asionekane jina wala jinsia mpaka alama ziwe zimeshapelekwa. Wadada wanajua ninachosema. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, sio suala la maadili ya kuitana pembeni na kuonyana, na mwanafunzi anayekuja kulisema hatakiwi kuulizwa kwanza alivaaje.

Hosteli. Hapa ndipo yule mwenzetu alipoulizia ukumbi ukacheka, kwa hiyo nitasema. Kitanda cha futi mbili na nusu wanalala watu wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, tunaita kubebana, na anayebebwa akikamatwa na walinzi anatolewa usiku na godoro lake. Vyumba vinagawiwa kwa sistimu inayofunguliwa usiku na mwenye simu nzuri na bando ndiye anapata. Mtoto aliyetoka Kibondo na simu ya kitochi anapataje? Ningekuwa kwenye kiti chako ningeanza na wenye ulemavu, wa mwaka wa kwanza na waliotoka mikoa ya mbali wasio na ndugu hapa mjini, halafu orodha yote ningeibandika ukutani, jina, chumba, sababu ya kupewa. Sina uwezo wa kuongeza vitanda kwa siku moja, hilo nakubali. Lakini kugawa kwa haki vilivyopo hakuhitaji bajeti. Bumu, ile hela ya kujikimu ya wenye mkopo, lilipandishwa kutoka 8,500 kufika 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023 na tulishukuru kweli, ila hapo kuna kula asubuhi, mchana, jioni na kulipia geto, chumba cha kupanga, na mwenye geto huko mtaani anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Na hao ni wenye bumu. Sisi tusio na mkopo tunaishi kwa alizeti.

Majengo mnajenga, tunayaona. Vyuo vingi vya umma sasa hivi kuna majengo mapya kupitia mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa 2021, na mkopo huo wa kulipa ni sisi na watoto wetu, kwa hiyo sisemi hatuyataki, tunayataka. Ninachosema jengo la ghorofa nne na nondo zake zote haliwezi kumsaidia mwanafunzi aliyetolewa nje ya chumba cha mtihani kwa sababu mtandao haukuwepo.

Na ningekula kafeteria. Mara moja kwa wiki, bila taarifa, bila katibu muhtasi kutangulia kupiga simu, nashika sahani nakaa foleni. Viongozi wakubwa zaidi wamewahi kuanza na nafsi zao. Oktoba 22 mwaka 1966 wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzao waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu alikasirika akawarudisha makwao karibu 400, na hapo mimi siko upande wake hata leo. Lakini wale vijana walikuwa wametupa neno pale kuhusu mishahara mikubwa ya viongozi, na hilo Mwalimu hakulikataa, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 hapo hapo. Aliwaadhibu na bado aliwasikia. Sisi Profesa hatujaandamana, hatujarusha jiwe, tumekaa kwenye vimbweta tumesubiri mtandao urudi, na hatujasikika.

Kuhusu wawakilishi wetu nitasema kwa kifupi kwa sababu na wao watasoma. Serikali ya wanafunzi inakaa kwenye Baraza la Chuo na kwenye Seneti kwa niaba yetu. Wakati wa kampeni tulipewa fulana na ahadi ya sistimu isiyokwama. Tangu Jumatatu ile tumeona tangazo moja tu kwenye grupu la WhatsApp linalosema tuwe watulivu suala linashughulikiwa. Linashughulikiwa na nani, kikao gani, tarehe ngapi? Mimi ningetaka mihtasari ya vikao vinavyotuhusu ibandikwe, na mwakilishi asiyeleta mrejesho ndani ya wiki mbili asirudi kikaoni. Ila sitaki kuwalaumu sana, nao ni wanafunzi, nao wana mitihani, na wanaogopa.

Kuogopa kwenyewe kuna historia. Mwaka 1971 hapo Mlimani rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kama hii kwa Makamu Mkuu wa Chuo wa wakati ule, Mzee Pius Msekwa, kulalamikia uongozi usiowashirikisha wanafunzi. FFU waliingia chuoni na silaha, yeye akafukuzwa na kurudishwa Kenya. Zaidi ya miaka 50 imepita na mwanafunzi anayemwandikia mkuu wa chuo chake bado anaulizwa na wenzake, una uhakika? Usije ukaweka jina. Sikuliweka. Sio kwamba nina kitu cha kuficha, jina langu mnalo, liko kwenye ile listi yenu iliyobanwa pini. Ni kwa sababu mama yangu bado anasubiri mtoto amalize.

Nilimpigia jioni ile. Nilipanga nisimwambie, ila aliuliza mtihani umeendaje baba, nikashindwa kudanganya. Alinyamaza, halafu akauliza, kwani ile hela haikufika? Nikamwambia ilifika mama. Akauliza sasa kama ilifika? Sikuwa na la kumjibu. Ni mwanamke aliyeishia darasa la saba na swali lake limewashinda watu wenye shahada tatu. Siku iliyofuata alienda kwa wakala kumuuliza kama alikosea namba, wakala wa watu akatoa daftari lake, akamuonyesha, namba ni ile ile. Aibu hii mmempa mtu ambaye hajawahi kudaiwa hata duka la chumvi.

Ulisema hakuna atakayekosa mtihani kwa ada. Sisi tumekosa, na ada tulilipa. Hatuombi tusamehewe, kwa sababu hakuna kosa. Hatuombi alama za bure. Hata hayo yote niliyoandika hapo juu, ya hosteli na kafeteria na mihtasari, ukitaka yaweke pembeni yasubiri bajeti, yasubiri kamati, tumezoea kusubiri. Ila mtihani hausubiri.

Tunaomba mtihani. Yale maneno kwamba hatukutokea yafutwe kwenye akaunti zetu wote tuliotolewa Jumatatu ile, mmoja mmoja, kwa sababu tulitokea na saini zetu za mahudhurio ziko kwenye karatasi ya msimamizi, zikaguliwe. Na tupewe mtihani wa ile kozi Septemba hii pamoja na wanaofanya sapu na mitihani maalum, uhesabiwe kama mtihani wa kwanza, sio sapu ya kukatiwa alama. Chumba kipo, wasimamizi watakuwepo, ratiba inatoka hivi karibuni, ni kuongeza mstari mmoja tu. Seneti ikishakaa kupitisha matokeo na majina yetu yakiwa yameandikwa kutoroka, kuyatoa itakuwa kazi ya mwaka mzima na wewe unajua. Kwa hiyo ni kabla ya Seneti, Profesa. Sio baada.

Tunaomba tangazo lenye tarehe na saini yako. Sio la msemaji, sio la grupu la WhatsApp, lako. Mwanafunzi akiwa nalo mkononi hakuna dirisha litakalomrudisha.

Tupo, hatujaenda likizo, wengi tumebaki hapa hapa maana nauli ya kwenda na kurudi haipo na hatujui mtatuita lini. Ukitaka kutuona tuje ofisini tutakuja na risiti zetu zote. Lakini tafadhali, tupewe mtihani.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Sanaa na Elimu, kwa niaba yangu na wenzangu tuliotolewa